Namba ya bodi si namba ya chasisi

Wengi wakikuta namba mbili tofauti kwenye gari la kale hudhani limeunganishwa vipande. Si lazima. Namba ya bodi mara nyingi ilitolewa na kiwanda kilichounda bodi, kwa mpangilio wake. Namba ya chasisi ndiyo hutambulisha gari zima. Wala usitafute namba ya herufi na tarakimu 17 kama ya magari ya sasa: Marekani yenyewe ililazimisha mfumo huo kuanzia magari ya modeli ya 1981.

Kibati chenye namba hufungwa kwa ribiti (pini za chuma), hivyo huhamishika kirahisi. Ribiti mpya kwenye kibati kilichochakaa? Tia shaka. Amini zaidi namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Rangi iliyoifunika itoe kwa dawa ya kuondolea rangi na kitambaa, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Msasa au grainda hufuta tarakimu zisizo na kina.