Miaka 12 na miaka 23: kesi ya mauaji ya Medicine Hat ilivyoonekana mbele ya sheria

Aprili 23, 2006, katika mji wa Medicine Hat, jimbo la Alberta nchini Kanada, baba, mama na mtoto wao wa kiume wa miaka 8 walikutwa wameuawa nyumbani kwao. Binti wa familia hiyo, aliyekuwa na miaka 12, hakuonekana. Mwanzoni polisi walihofia kwamba naye amedhuriwa. Haikupita siku moja, akageuka mshukiwa. Alikamatwa Leader, mji mdogo ulio jimbo jirani la Saskatchewan, akiwa pamoja na mwanamume wa miaka 23 ambaye wazazi wa binti walikuwa wamemkataza kabisa kuwa naye.

Jina la binti huyo halimo katika makala haya, wala majina ya wazazi wake. Sheria ya Kanada ya makosa ya jinai ya vijana, iliyoanza kutumika Aprili 2003, inakataza kuchapisha chochote kitakachomtambulisha kijana aliyeshtakiwa chini yake, na ukitaja jina la baba umeshamtaja mtoto.

Vyombo vya habari viliisimulia kesi hii kama kisa cha wapendanao waliotenganishwa na wazazi wakali. Vikaongeza nguo nyeusi, muziki wa kelele na majigambo ya yule mwanamume kwamba yeye ni mtu anayegeuka mbwa mwitu, mwenye umri wa mamia ya miaka. Hayo yaliuza magazeti, lakini kwa anayetaka kujifunza jambo ni kelele tupu. Watoto chungu nzima huvaa nyeusi na hawamgusi mtu. La kutazama ni ile tofauti ya miaka 11.

Wakati huo, umri wa kuridhia tendo la ngono nchini Kanada ulikuwa miaka 14. Mei 2008 ukapandishwa hadi 16. Mtoto wa miaka 12 au 13 alikuwa na nafasi moja finyu ya kisheria, nayo ni kwa mwenzake asiyemzidi hata miaka miwili kamili. Kwa hiyo tendo lolote la kingono baina ya mtu wa miaka 23 na mtoto huyu lilikuwa jinai ya yule mkubwa, hata mtoto angeapa mara mia kwamba anampenda. Wazazi walipokataa, hawakuwa wakali wala washamba. Waliona sawasawa na sheria ilivyoona.

Ugumu ni kwamba marufuku ya nyumbani humbana mtoto peke yake. Ukimfungia binti ndani na kumpokonya simu, yule mtu mzima bado yuko nje, hana wa kumuuliza, na sasa amepata hoja mpya ya kumwambia mtoto: unaona, wanatuonea. Anayemrubuni mtoto hutumia hasa mwanya huo. Humjengea picha ya dunia yenye watu wawili tu wanaoelewana, na wengine wote wakawa maadui. Mtoto wa miaka 12 bado hana uwezo wa kupima kesho kama mtu mzima apimavyo; hasira ya wiki moja kwake ni maisha mazima.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Mahakama haikumwona binti huyu kama mtu aliyeburutwa tu. Upande wa mashtaka ulileta ujumbe aliouandika kwenye mtandao, ambamo alizungumzia mpango wa kuwaua wazazi wake ili akaishi na mpenzi wake. Utetezi ulisema yalikuwa maneno ya hasira na ndoto za mtoto, na kwamba hakutegemea mwenzake angetenda. Jopo la raia waamuzi halikukubali. Julai 2007 lilimkuta na hatia ya mauaji ya daraja la kwanza, yaani ya kukusudia na kupanga, kwa vifo vyote vitatu.

Hapa vijana wengi hushangaa. Wanadhani muuaji ni yule tu aliyeshika kisu. Sheria ya jinai ya Kanada inamhesabu kuwa mshiriki wa kosa mtu aliyesaidia, aliyetia moyo au aliyemshawishi mwingine atende, na kosa likitendeka hubeba hatia ileile. Ujumbe wa simu ulioandikwa usiku kwa hasira huweza kusomwa mahakamani neno kwa neno, na ni kazi ya waamuzi kupima kama ulikuwa utani au nia. Mdomo umewahi kuponza vichwa vingi.

Adhabu zao zilitofautiana sana, na wengi walikasirika. Kanada haimshtaki kwa jinai mtoto aliye chini ya miaka 12. Binti huyu alikuwa amevuka mpaka huo kwa takriban miezi sita. Angekuwa bado na miaka 11, pasingekuwa na kesi dhidi yake kabisa. Kwa upande mwingine, aliye chini ya miaka 14 hawezi kupewa adhabu ya mtu mzima hata kwa kuua, na adhabu ya juu ya kijana kwa mauaji ya daraja la kwanza ni miaka 10. Novemba 2007 alipewa hiyo yote: mwaka mmoja na nusu aliokwisha kukaa rumande ulihesabiwa, miaka minne katika taasisi ya matibabu ya akili, kisha miaka minne na nusu uraiani chini ya uangalizi na masharti. Mpango huo umewekwa kwa vijana waliotenda ukatili mkubwa na ambao wataalamu wamethibitisha kuwa wana matatizo ya akili au ya kihisia yanayohitaji tiba. Adhabu ilimalizika Mei 2016.

Yule mwanamume alikutwa na hatia Desemba 2008 kwa makosa yaleyale matatu. Alipata kifungo cha maisha, bila ruhusa ya kuomba kuachiwa kwa masharti kabla ya miaka 25.

Je, miaka 10 kwa roho tatu ni haki? Naelewa uchungu wa anayeuliza. Maoni yangu ni kwamba sheria ilifanya vyema kumpeleka mtoto kwenye tiba na kumrudisha uraiani hatua kwa hatua, kwa kuwa siku ya kutoka ingefika tu, na jirani yake wa baadaye ananufaika zaidi na mtu aliyetibiwa kuliko aliyefungiwa tu.

Kuna jambo jingine lililojitokeza kwenye ushahidi ambalo hutajwa kwa haraka mno: wenzao walikuwa wamesikia. Marafiki walieleza mahakamani kwamba mazungumzo ya kuwaua wazazi hao yalifika masikioni mwao. Wengi wa rika hilo huona kusema ni usaliti, au huamini ni porojo. Kijana anayesoma hapa ajue kwamba hatakiwi yeye kuamua kama ni porojo. Ukisikia mtu anataja nani atauawa, kwa njia gani na kwa sababu ipi, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, na ule ujumbe usiufute.

Kwa wazazi, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nikimripoti mtu mzima anayemfuata binti yangu, je, si nitamtia mwanangu mashakani? Hapana. Sheria za umri wa kuridhia zimetungwa kumlinda mtoto, na katika kesi ya namna hiyo yeye ndiye mlindwa, mshtakiwa ni yule mkubwa. Huhitaji kusubiri mtoto akubali kwamba anadhulumiwa. Mara nyingi hatakubali, atalia na kukununia. Alberta inakwenda mbali zaidi: mtu yeyote, awe mwalimu au jirani, mwenye sababu za msingi za kuamini kwamba mtoto anahitaji kulindwa, anawajibika kisheria kutoa taarifa mara moja. Unapokwenda kuripoti, beba picha za ujumbe, majina ya akaunti na tarehe, na umri wa yule mtu kama unaujua.