Testosteroni huru: maabara huipataje kwa hesabu?

Majibu yangu yanasema testosteroni jumla ni 12. Mbona daktari anataka na "huru"?

Kwa sababu sehemu kubwa ya homoni hii imeshikwa na protini za damu: SHBG (protini inayobeba homoni za jinsia), inayoing'ang'ania, na albumini, inayoishika kilegevu. Isiyoshikwa kabisa, ndiyo "huru", ni kama asilimia 2 tu. Wanaume wawili wanaweza kuingia maabara moja hapa Tanga mjini, wote wakatoka na jumla ya nanomoli 12 kwa lita. Mwenye SHBG 20 (nayo kwa nanomoli kwa lita) ana testosteroni huru ya pikomoli 310 kwa lita. Mwenye SHBG 70 ana 142. Mpaka wa chini unaotajwa sana kwa wanaume ni karibu 220. Jumla peke yake isingekuonyesha tofauti hiyo.

Jumla ikiwa juu au chini waziwazi, hesabu haiongezi mengi. Faida yake iko mpakani, tuseme 8 hadi 12, na kwa watu ambao SHBG yao hupotoka: wanene na wenye kisukari (hushuka), wazee na wenye ugonjwa wa ini (hupanda).

Si ipimwe tu moja kwa moja?

Kipimo cha rejea ni dialisisi: sampuli hutengwa kwa utando usiopitisha protini, homoni huru ivuke mpaka pande zote zilingane. Ni kazi ya saa nyingi na gharama. Vipo vitendanishi vinavyodai kupima testosteroni huru kwenye mashine ya kawaida. Hatuvipendekezi, namba zake hufuata jumla, tena huwa chini mno.

Hesabu yenyewe ikoje?

Inayotumika sana ni fomula ya Vermeulen ya mwaka 1999. Zidisha albumini (gramu kwa lita) kwa 0.522, ongeza 1. Hiyo ni N. Albumini ikiwa 43, N ni 23.4. Kisha tafuta F, yaani testosteroni huru, SHBG na jumla zikiwa kwa nanomoli kwa lita:

N×F² + (N + SHBG − jumla)×F − jumla = 0

Kwa yule wa SHBG 70: 23.4F² + 81.4F − 12 = 0. F ni nanomoli 0.142, yaani pikomoli 142. Jedwali la kompyuta linatosha.

Makosa huingilia wapi?

Kwanza kabisa kwenye vizio. Mashine nyingine hutoa jumla kwa nanogramu kwa mililita, na lazima uzidishe kwa 3.47. Nanomoli 12 ni sawa na nanogramu 3.46. Ukiiingiza 3.46 kana kwamba ni nanomoli, mtu wetu wa 310 anaporomoka hadi 83, na huenda akaanzishiwa homoni asiyoihitaji.

Pili, albumini ya kukisia. Wengi huweka 43 kwa kila mtu, na kwa mwenye afya haidhuru. Kwa mgonjwa wa ini, au wa figo anayepoteza protini kwenye mkojo, albumini ikiwa 25, yule wa 310 kumbe ana 428. Huyo apimwe albumini yake.

Tatu, vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (vitamini B7). Kwenye mashine zinazotumia biotini katika kipimo, jumla hupanda kwa uongo na SHBG hushuka kwa uongo, na yote mawili huinua jibu. Uliza kabla ya kutoa damu. Dozi kubwa isimamishwe siku 2 au 3.

Nijiandae vipi?

Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, hujala. Sukari hushusha testosteroni, kwa hiyo juisi ya machungwa ya Muheza isubiri. Unayetoka Pangani, ukiona utafika saa 6, afadhali ulale mjini. Ukiwa na homa, ahirisha. Jibu la chini lirudiwe siku nyingine kabla ya dawa yoyote.

Na kwa wanawake?

Fomula ni hiyohiyo, lakini testosteroni yao ni kidogo kiasi kwamba mashine za kawaida hukosea. Jumla ipimwe kwa spektrometa ya tungamo (mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake) ndipo ihesabiwe.