Wati 12,000 za kwenye boksi la sabufa: dhana potofu na ukweli

"Fundi, imeunguaje wakati ni ya wati 12,000?"

Wiki hii nimeulizwa hivyo mara tatu. Wa mwisho ni kijana aliyeleta sabufa ikiwa bado kwenye boksi lake, na namba hiyo imeandikwa kubwa kuliko jina la sabufa yenyewe. Nikaifungua mbele yake. Transfoma inaenea kiganjani. Amplifaya, yaani sehemu ya kukuza sauti, ni IC (chipu) tatu za TDA2030 zilizobanwa kwenye kibati chembamba cha kupozea, moja imepasuka katikati. IC hiyo ikipata umeme mzuri na spika ya omu 4 hutoa wati 14 hivi. Tatu ni 42.

Dhana: wati nyingi kwenye boksi, sabufa yenye nguvu.

Namba ile ni PMPO, yaani eti nguvu ya kilele cha kitambo kidogo tu, na PMPO haina kipimo chochote kilichokubaliwa. Anayechapa maboksi anaandika anachotaka. Wati zenye maana ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo bila kuelemewa. Na uongo huu unaugundua hata kama si fundi: soketi ya ukutani ni ya ampea 13, na kwa volti 230 haizidi wati 3,000. Hizo 12,000 zinapita wapi? Ni sawa na kuwasha pasi 12 za wati 1,000 kwa waya mmoja mwembamba. Marekani walichoka na mchezo huu mapema, na mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ikaweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Kwetu boksi linaingia dukani na namba yake.

Ninachomwambia kila mteja ni hiki: igeuze sabufa, usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa 220–240V. Cha kijana kilisema 40W. Huo ndio umeme inaovuta. IC za aina hii hupoteza karibu nusu yake kwa joto, kwa hiyo spika zinapata wati 20 na kitu.

Na wati 20 zinatosha! Hapo ndipo panaponiuma. Spika nyingi za nyumbani zikipewa wati 1 tu hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 hivi ukisimama mita 1 mbele yake, na kila wati zikiongezeka maradufu unapata desibeli 3. Wati 20 zinakupeleka kwenye 98. Kwa sebule ya kawaida hizo ni kelele. Sabufa ile ingemtumikia kijana miaka mingi kama angeambiwa ukweli siku ya kununua. Yeye aliamini 12,000, akaitoa uani kwenye mahafali ya mdogo wake, sauti mwisho, besi mwisho, kutoka mchana hadi usiku. IC ikielemewa hukata ncha za mawimbi, sauti inakwaruza, koili ya spika inachemka. Ukisikia mkwaruzo, shusha sauti hapo hapo.

Dhana: besi ikitikisa duka, ndiyo nzuri.

Muuzaji anakuwekea singeli kwa sauti ya juu kwa sababu hapo kasoro hazisikiki. Mwambie ahamie redio, mtafute mwanamume anayesoma habari, sauti iwe ya chini. Akisikika kama yumo ndani ya pipa, kasha la sabufa ile lina mvumo mmoja tu, na kila wimbo utavuma hivyo hivyo. Kipimo hiki hakijawahi kuniangusha.

Dhana: sabufa unaiweka popote, besi haina upande.

Ni kweli kwa besi iliyo chini ya hezi 80 hivi, yaani mitetemo 80 kwa sekunde. Sabufa za bei rahisi hupandisha hadi 150 na zaidi, ambako sauti ya mwanamume imo. Ukiificha nyuma ya kochi, mtu wa kwenye TV ataongea mgongoni kwako. Iweke upande wa TV, karibu na kona, kuta zikuongezee besi bure. Tundu la kutolea besi likiwa nyuma ya sabufa, liachie nafasi.

Dhana: inamaliza umeme. Wati 40 kwa saa 5 ni uniti 0.2. Tazama pasi na jiko kwanza.

Dhana: taa, bluetooth na USB ni dalili ya ubora. Vyote hivyo vinakaa kwenye kibao kimoja kidogo cha saketi cha bei rahisi. Mimi naangalia ukubwa wa sumaku na transfoma.

Kijana nilimbadilishia IC, nikamfungia bati pana la kupozea. Pale pa kuzungushia sauti nikaweka nukta nyeupe kwenye robo tatu, nikamwonyesha kwa kidole: usivuke hapa.