Ugonjwa ukilipuka, ofisi ya mtaa inatusaidia nini? Maswali ninayoulizwa Mbeya

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Mbeya. Tangu mwaka 2020 nimebeba ndoo, nimebandika mabango na nimegombana na makonda wa daladala kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kila baridi ya Juni inapoanza kuuma na mtaa mzima ukakohoa, maswali yaleyale hurudi, sokoni, saluni, hata msibani. Haya ni machache kati yake. Ndugu zetu wa Iringa, kamwene, mengine ni ya kwenu.

Korona si iliisha? Mbona bado mnatusumbua?

Kilichoisha ni hali ya dharura. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo tarehe 5 Mei 2023. Kirusi chenyewe kipo, na mzee mwenye kisukari au presha bado kinaweza kumlaza wodini. Tena milipuko haina jina moja. Marburg ilithibitishwa Kagera Machi 2023, ikathibitishwa huko tena Januari 2025. Kipindupindu nacho tunakijua. Sisi tunaishi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kinachopanda lori bandarini Dar es Salaam kinaweza kunywa chai Makambako na kulala Uyole.

Mlipuko ukitokea, nani mwenye sauti? Diwani, mtendaji au daktari?

Kutangaza ni kazi ya Wizara ya Afya. Mimi sina mamlaka hayo, mwenyekiti wa mtaa hana, na aliyesambaza sauti kwenye kundi la WhatsApp ndiye hana kabisa.

Kutekeleza sasa, hapo ndipo halmashauri inapoingia. Watu husahau kuwa zahanati na vituo vya afya vingi vya serikali viko chini ya halmashauri, na msimamizi wake ni Mganga Mkuu wa Halmashauri. Soko ni la halmashauri, na stendi, machinjio na gari la taka vilevile. Kwa hiyo gari la taka lisipopita wiki mbili na nzi wakaanza kuhama kutoka dampo kwenda kwenye dagaa, hilo ni suala la afya, lipeleke kama suala la afya. Pa kuanzia ni kwa mtendaji. Likimshinda, linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu.

Zile ndoo za kunawia za mwaka 2020 zilienda wapi?

Aliyeuliza ni mama muuza ndizi, na alikuwa anacheka. Alijua jibu.

Mwaka ule shule zilifungwa Machi, kidato cha sita na vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni na shule nyingine tarehe 29 Juni, lakini masoko yetu hayakufungwa. Kilichobadilika ni ndoo mlangoni. Ya sokoni kwetu niliifuatilia mpaka mwisho wake. Kwanza koki ilianza kuvuja, matope yakajaa chini, watu wakawa wanaikwepa wasichafue viatu. Halafu sabuni ikaibiwa. Tukaweka kipande kingine ndani ya soksi, tukaifunga kwenye msumari. Soksi ikaondoka na sabuni yake. Mara ya mwisho niliiona ile ndoo ikiwa na maharage, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza bei.

Tatizo halikuwa wizi. Ndoo haikuwa na mwenyewe. Upande wa wauza samaki waliandika zamu kwa chaki ukutani, Jumatatu fulani, Jumanne fulani, na yao iliendelea kujazwa muda mrefu baada ya yetu kufa. Ukikaa kwenye kikao cha kununua vifaa, usiishie kuuliza ndoo ngapi. Uliza nani anajaza, kwa maji ya nani, na sabuni inatoka fungu gani.

Kama hakuna fungu, tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na mdomo, litundike kwenye mti uliolalia panda mbili, kisha funga kamba kutoka mdomoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyaga chini. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Uzuri wake ni kwamba mkono haugusi kitu, wakati koki ya ndoo unaishika na mkono mchafu na unaifunga kwa huohuo uliokwisha nawa. Nawa kwa sabuni sekunde 20. Kirusi cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ndiyo inayouvunja. Maji matupu hukisukuma tu.

Kwa baridi hii unataka tufungue madirisha ya daladala?

Ndiyo. Hata kama ni nusu tu, lakini yafunguliwe.

Naelewa. Alfajiri ya Julai, gari linatoka Uyole, vioo vimeingia ukungu kwa pumzi za watu, kila mtu amejikunyata kwenye koti. Ule ukungu uutazame vizuri, ni pumzi ya jirani yako imeganda kiooni. Magonjwa ya njia ya hewa, korona na kifua kikuu yakiwemo, hupenda sana chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Dirisha la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili yakiachwa wazi kiasi cha vidole vinne, hewa inapita. Ofisi ya kata yenye foleni ya watu thelathini ndani ya chumba kimoja ina shida hiyohiyo. Benchi lihamie nje, juani. Huku kwetu jua la asubuhi hakuna anayelikataa.

Na hapa niseme jambo ambalo hamkuliuliza, maana linanikera. Usiku mnafunga kila tundu na kuweka jiko la mkaa chumbani mpate joto. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala, na asubuhi mlango unavunjwa. Jiko litoke nje kabla hujalala, hata kama umebaki majivu tu, kwani makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa gesi hiyo. Mkimkuta mtu amezimia, fungueni milango, mtoeni nje kwenye hewa, mumkimbize hospitali.

Na nyungu, mwanangu? Sisi ndiyo iliyotuponya.

Shikamoo mzee. Mvuke unalegeza kamasi na mtu anasikia nafuu, sitabisha. Lakini hauui kirusi, maana kirusi kimeshaingia ndani ya chembe za mwili ambako mvuke haufiki. Ninachoomba ni viwili: usimfunike mtoto blanketi juu ya sufuria inayochemka, kwani maji ya moto yanaunguza, na anayepumua kwa shida asisubiri nyungu ya tatu. Kifua kinachobana, midomo inayogeuka rangi, mtu anayeshindwa kumaliza sentensi, huyo ni wa hospitali sasa hivi.

Kuna ugonjwa, niache kumpeleka mtoto kliniki?

Usiache. Woga wa kwenda kituoni nao hugharimu watu. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Ikikupita, chukua kadi uende, utapewa. Hakuna nesi mwenye haki ya kukufukuza kwa kuchelewa. Mimi mwenyewe niliwahi kumsindikiza mama aliyefukuzwa, tukarudi wote na mtoto akachanjwa.

Mjamzito aendelee na mahudhurio yake. Na kwa wanaotumia ARV (dawa za kufubaza VVU) au dawa za kifua kikuu, hili ni zito zaidi kwetu kuliko mikoa mingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa watu wanaoishi na VVU, kati ya wenye miaka 15 na zaidi, ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Kama hali yako imetulia, muulize mtoa huduma kuhusu kupewa ARV za miezi kadhaa kwa mkupuo, usilazimike kupanga foleni kila mwezi. Ukisafiri kwenda kulima Mbarali msimu wa mpunga, ondoka na dawa na kadi yako.

Msiba je? Hatuwezi kumzika mtu kama mbwa.

Hakuna anayetaka hivyo. Kwa magonjwa ya hewa, kaeni nje badala ya kubanana sebuleni, na salamu za mkono zipumzike. Kwa kipindupindu, Marburg au Ebola ni habari nyingine kabisa: mwili wenyewe unaambukiza. Usiuoshe, usiuguse, mwiteni afisa afya, na jamaa wachache washuhudie kwa mbali. Inauma, najua.

Zile fedha za UVIKO, yaani za korona, zilifika kweli?

Zilifika, na nyingine umezipita leo asubuhi. Mpango uliozinduliwa Oktoba 2021 ulikuwa wa shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000. Ukiona darasa la wakati ule shuleni kwa mwanao, hesabu madirisha. Halafu nenda kwenye kikao cha Baraza la Madiwani, kiti cha mwananchi kipo, usikilize wanasema nini kuhusu vyoo vya shule hiyohiyo.

Nimefika ofisini, mtendaji hayupo. Nifanyeje?

Mtafute mwenyekiti wa mtaa, yeye unaishi naye. Kama ni tetesi ya ugonjwa usioeleweka, watu wawili watatu nyumba moja wanaharisha au wanatoka damu, usisubiri ofisi ifunguliwe. Piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure, ueleze jina la mtaa na kata yako.