Mbwa akitoka kwenye degedege, msimimine maziwa

Wiki hii tena nimeletewa mbwa kutoka Mikindani, anahema kwa shida, manyoya ya kidevuni yameganda maziwa. Degedege lilikwisha zamani. Kilichomleta kwangu ni yale maziwa, yaliyomiminwa mdomoni yakaishia mapafuni. Jamani, acheni!

Huku kwetu Mtwara mbwa akikakamaa na kutoa povu, mtaa mzima unasema kala sumu, mpeni maziwa. Maziwa hayaondoi sumu. Na mara nyingi sumu yenyewe haipo: kifafa, distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa), au sukari iliyoshuka kwa mtoto wa mbwa, vyote huleta degedege. Mikorosho ikipuliziwa dawa, na mimi huwaza sumu kwanza, na bila kipimo cha damu nabaki nakisia. Kwa hiyo njoo na chupa ya dawa iliyokuwa shambani au ghalani.

Mbwa akishasimama, mwenye mbwa hushusha pumzi. Bado! Ubongo ndio kwanza unatulia, na hali hiyo huchukua dakika chache au saa kadhaa, pengine siku nzima. Huzunguka ovyo, hugonga ukuta kwa kuwa haoni vizuri, hamtambui hata anayemlisha, na anaweza kumng'ata. Wengine hutoka na njaa na kiu ya kuvamia bakuli, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, maana mbwa anaweza kutaka kula huku koo bado halimezi sawasawa. Mwache sakafuni, mbali na ngazi na kisima. Zima redio, toa watoto. Akiitika jina lake na kutembea bila kuyumba, mwekee maji kidogo mbele yake. Akinywa mwenyewe bila kukohoa, mwongezee. Chakula kidogo kifuate. Usimshike taya, usitumie bomba la sindano, usimimine chochote, hata maji ya dafu.

Kijiko mnachomtia mdomoni eti asimeze ulimi, nacho kiondoeni. Mbwa hamezi ulimi wake. Kama mwili unawaka, mloweshe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umwashie feni.

Mbwa asiyechanjwa kichaa usiguse mate yake. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Degedege likipita dakika 5, au likirudi ndani ya saa 24, mlete hata kama ni usiku. Likiwa fupi na la kwanza, mlete kesho yake, pamoja na saa lilipoanza na video ya simu, kwani mbwa aliyezimia tu hufanana mno na mwenye kifafa, na kwa maelezo ya mdomo peke yake hata mimi huwa sina hakika. Aliyekwisha kuanzishiwa fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, asikatishwe ghafla kwa kuwa wiki mbili zimepita salama. Dawa hiyo huhitaji takriban muda huo ndipo itulie kwenye damu, na kuikata ghafla kunaweza kurudisha degedege kali kuliko la mwanzo.