Herufi ya mke kwenye kipande cha shaba

Ni kipande chembamba cha shaba, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja pana jina la mtu na picha ya mishumaa iliyotundikwa kijitini. Upande wa pili pana jina la mtaa, na katikati herufi tatu: moja juu, mbili chini. Ya juu ni ya jina la ukoo. Chini, kushoto ni ya mume na kulia ni ya mke.

Hii ni tokeni ya dukani (si ile ya umeme!), yaani chenji iliyotolewa na mwenye duka mwenyewe, ya Uingereza ya karne ya 17. Mimi hutazama kwanza herufi ya mke. Wake wa wenye maduka hawakuacha alama nyingi katika maandishi ya zama zile, lakini hapa yupo, ametiwa muhuri sawa na mumewe. Wajane walioendesha duka wenyewe walitoa tokeni kwa jina lao.

Shida iliyozizaa ni chenji. Shilingi ilikuwa peni 12, na mkate mdogo au bia ililipwa kwa nusu peni au robo peni. Nusu peni ya fedha ilikuwa ndogo mno, ikidondoka huioni tena. Mwaka 1613 Mfalme James wa Kwanza alimpa Lord Harington kibali cha kutoa robo peni za shaba, ila watu walizidharau kwa wepesi wake, na waghushi hawakukawia. Kisha vita vya mfalme na Bunge vikaja, na Januari 1649 Mfalme Charles wa Kwanza, mwana wa James, akakatwa kichwa. Kibali cha mfalme kikabaki bila wa kukilinda, na wenye maduka wakajitengenezea chenji yao.

Leo zinajulikana aina zaidi ya 10,000. Kwa kuwa wateja wengi hawakujua kusoma, picha ndiyo iliyosema: msokoto wa tumbaku kwa muuza tumbaku, kichwa cha Mturuki mwenye kilemba kwa nyumba ya kahawa, kinywaji kilichokuwa kigeni bado London.

Shaba yenyewe haikufikia thamani iliyotajwa. Uliyoishika ilikuwa ahadi: zikusanye, zirudishe dukani, upewe fedha halisi. Ahadi hiyo ilikuwa na nguvu pale tu jina lilipofahamika, yaani mtaani kwake na jirani zake. Ukizipeleka mbali, hazipokelewi. Mwenye duka akihama usiku, umebaki na shaba. Na kila iliyopotea mfukoni mwa mteja ilikuwa faida ya mwenye duka, jambo ambalo sidhani lilimkosesha usingizi.

Baadaye ufalme ulirudi, na mwaka 1672 Mfalme Charles wa Pili alitoa nusu peni na robo peni za shaba za serikali, zenye sura ya Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, na mwezi Agosti akapiga marufuku tokeni za watu binafsi. Maji ya mto Thames yakipwa, matope ya London bado huzitoa, na mara nyingi zile herufi tatu zinasomeka.