Tabora hadi Kigoma na watoto: anza na mwezi wa angani, ramani baadaye

Mwezi wa tano ukikaribia kuisha, simu huanza. Mzazi yuko Tabora, shule zinafungwa, ana gari na watoto watatu au wanne, na anataka kuwapeleka Kigoma wakaone ziwa. Swali la kwanza ni lilelile: ni kilomita ngapi? Zinazidi 400, humjibu, halafu na mimi humuuliza lake: siku hizo ulizopanga, mwezi utakuwaje angani? Wengi hucheka. Wanadhani nimehamia kwenye uganga.

Kazi yangu ni kuongoza wageni, huu ni mwaka wa kumi na tatu, na familia zenye watoto ndizo zilizonifundisha kwamba kila kipande cha njia hii kina saa yake. Ukikifikia saa siyo, kitakunyima ulichokifuata.

Nianze na huo mwezi. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga ukimulika maji, viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa hukusanyika, dagaa nao wakawafuata, wavu ukainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haina kazi, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Mtoto aliyeletwa wakati wa mbalamwezi ataona mchanga na mitumbwi iliyofungwa, basi. Aliyeletwa siku za giza, ziwa likiwa halijafungwa kwa uvuvi kama lilivyofungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, atakaa na baba yake juu ya kilima akihesabu taa ziwani mpaka asinzie, na asubuhi pale Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa Kigoma, atakuta dagaa wakianikwa, kina mama wakipatana bei, na kunguru wakiviziavizia. Sijawahi kuona mtoto anayetaka kuondoka pale mapema.

Siku moja kabla ya safari, jioni, wapelekeni Kwihara, nje kidogo tu ya mji wa Tabora. Lipo tembe alilokaa Livingstone mpaka Agosti 1872. Dakika arobaini zinatosha. Makumbusho na watoto ni urafiki wa muda mfupi. Ila wadokezeni jambo moja: Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walitoka Kazeh, hapahapa Tabora, Desemba 1857, wakafika ziwani Februari 1858. Burton hakuweza kutembea kwa ugonjwa, Speke macho yalikuwa yanamuuma hata ziwa lenyewe hakuliona vizuri. Kesho yake mtoto akianza "Baba, bado tu?", jibu mnalo.

Kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri. Sababu kubwa ni mbung'o. Mkishapita Urambo na Kaliua mnaingia kwenye misitu ya miombo, na mbung'o hufanya kazi mchana, jua likishapasha. Alfajiri ya baridi ametulia. Tena humfuata kile kinachotembea, hasa chenye rangi ya bluu au nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kila mwaka nakutana na familia iliyowavalisha watoto trakisuti za shule, za bluu, kwa sababu ni nzito na za mikono mirefu. Mikono mirefu sawa, lakini rangi iwe kaki au ya udongo. Mkisimama kujisaidia, fungueni mlango mmoja tu, haraka, vioo vikiwa juu. Akiingia hukimbilia kioo. Mbaneni kwa ndala, maana kofi halimwui, atajikung'uta na kurudi akiwa na hasira.

Msije mkasema basi tutapita usiku wa manane. Usiku kuna ng'ombe waliolala barabarani na baiskeli za mkaa zisizo na taa. Hilo mimi sibishani na mtu.

Chakula cha njiani kisiwe cha kupika. Chukueni matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, na asali ya Tabora kwenye chupa yenye mfuniko wa kweli. Biskuti za krimu ziacheni. Kwenye vumbi na joto mtoto atazitapika kabla ya Malagarasi.

Daraja la Kikwete kwenye mto Malagarasi ni la kusimama, lakini mkishalivuka na gari likae pembeni. Mto huu una siri ninayopenda kuwasimulia watoto. Ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe. Zamani maji yake yaliendelea magharibi hadi Kongo, kisha ardhi ikapasuka katikati, bonde likajaa maji, leo kina chake kinafika mita 1,470. Mpaka sasa Malagarasi ina samaki ambao ndugu zao wako mto Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama samaki hao wanakumbukana.

Uvinza mtafika jua liko juu, na hapo ni saa nzuri, kwa sababu kuna kivuli na kuna la kuonja. Chemchemi zake zinatoa maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi tangu karne nyingi kabla ya misafara kupita. Mchoteeni mtoto achovye kidole. Hilo ndilo somo lote.

Kigoma mnaingia alasiri, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea, nikiwamo mimi. Watoto wakiliona ziwa hawashikiki. Mwaka wangu wa tatu kazini niliwapakia watoto wa dada yangu kwenye boti saa tisa alasiri, mwezi wa saba. Kiangazi upepo wa kusini huvuma, na siku ile ziwa lilikuwa tayari limevimba. Tulirudi baada ya nusu saa, wawili wametapika, mmoja analia, na shemeji akaninyamazia siku mbili. Tangu siku ile boti yangu ya familia hutoka saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya saa nne tumerudi. Alasiri ni ya nchi kavu: Ujiji, chini ya ile miembe ya ukumbusho wa Livingstone na Stanley, halafu samaki wa ziwani, migebuka wa mawese na ugali wa muhogo.

Kuogelea nako ni asubuhi, kwenye miamba na maji meupe, mbali na matete na midomo ya mito, maana mamba wapo. Nunueni miwani ya kuzamia, hata moja ya kupokezana. Mtoto akilaza tumbo kwenye maji ya kiunoni anaona samaki wa milia na wa njano ambao wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani, na baadhi ya mama zao hulea watoto mdomoni. Akishalijua hilo, hatoki majini.

Gombe, hifadhi ya sokwe kaskazini mwa Kigoma, sipendekezi kwa familia nzima. Kufuata sokwe kuna kikomo cha umri, kwa hiyo ulizeni ofisi ya hifadhi kabla hamjalipa boti. Mzazi mmoja aende na wakubwa, mwingine abaki na wadogo ufukweni. Mwenye mafua asiende kabisa. Magonjwa yetu ya kifua huwaua sokwe. Atakayekwenda atakanyaga msitu aliofika Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, Julai 1960, akiwa na mama yake, jambo ambalo mabinti wa miaka kumi na tano hulipenda kuliko ninavyotarajia.

Kwa kurudi, dagaa watieni kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, msiwatie kwenye kiroba. Gari la shemeji lilinuka mpaka mwezi wa tisa.